Paul Walker alikuwa abiria: kwa nini lawama wanazotupiwa mashabiki wake zimepinda

Kila ikifika tarehe 30 Novemba, siku aliyokufa Paul Walker, mwigizaji wa filamu za Fast & Furious, status zinajaa ile picha ya mwisho wa filamu ya saba, gari mbili zinaachana barabarani, na kila mwaka hakosekani mtu wa kutia mchanga kitumbua: huyu si alikufa kwa spidi, sasa mnamuenzije kwa kuposti magari yanayokimbia, akili mmeweka wapi? Na sio hoja ya kipuuzi, maana wengi wanaoitoa wameshazika ndugu kwa ajali na hawana hamu ya kuona kijana mwingine anashangilia mwendo. Nawaelewa kabisa. Ila kila nikiisikia naona kuna watu wanabebeshwa mzigo ambao sio wao, au sio wote wao.

Kwanza hilo la "alikufa kwa spidi yake". Uliza mtaani, wengi watakwambia Paul ndo alikuwa kwenye usukani. Hapana. Alikuwa amekaa kiti cha abiria, anayeendesha ni rafiki yake ambaye pia walikuwa wanafanya biashara ya magari pamoja, na wote wawili walikufa palepale Valencia, mji wa Santa Clarita, California, mwaka 2013. Walikuwa wametoka kwenye hafla ya kuchangisha hela za watu wa Ufilipino waliopigwa na kimbunga Haiyan wiki chache tu nyuma. Yani mchana wa Jumamosi, jamaa anachangisha, anatoka na mshikaji wake kuzungusha gari kidogo halafu warudi. Hawakurudi.

Sasa upande wa pili nao tusiufiche. Ripoti ya wachunguzi wa polisi ilisema wazi kilichosababisha ni mwendo usio salama. Walikadiria gari ilikuwa kati ya maili 80 na 93 kwa saa, kwetu hiyo ni kama kilomita 130 mpaka 150, kwenye kibarabara cha eneo la maofisi ambacho mwisho wake ni maili 45, yani kilomita 72 hivi. Hakuna pombe, hakuna madawa, hakuna gari nyingine waliyokuwa wanashindana nayo kama uvumi ulivyokuwa unasema siku zile. Ni mwendo tu. Na gari yenyewe ilikuwa Porsche Carrera GT ya 2005, injini ya V10 (silinda kumi), nguvu za farasi zaidi ya 600, na haina ule mfumo wa umeme wa kuizuia isiserereke, kwa hiyo ukikosea ni wewe na Mungu wako.

Halafu kuna mashabiki waliotia aibu. Gari iliyoungua ikiwa inavutwa na breakdown, kijana mmoja alishuka kwenye gari aliyokuwemo akachomoa kipande cha bodi ya ile Porsche, ikaenda kuonekana Instagram, wakakamatwa yeye na mwenzake. Ukumbusho gani huo? Na hata huku kwetu wapo wanaosubiri usiku barabara iwe tupu, wanatoboa egzosti, wanachoma tairi kwenye raundi abauti, ukiwauliza wanakwambia ni kwa ajili ya Paul. Kama hoja ya wakosoaji ingeishia kwa hao mi nisingeandika hata mstari mmoja.

Lakini haiishii hapo, inawazoa wote. Na hapa ndo nataka tukae kidogo kwenye kitu kimoja ambacho watu wa "spidi inaua" huwa wanakiruka: matairi. Wachunguzi walikuta matairi ya ile gari yana umri wa miaka 9. Tisa! Wakasema umri huo unaweza kuwa ulichangia kuharibu ushikaji wa gari barabarani. Fikiria hiyo. Gari ya bei hiyo, mikononi mwa watu wanaoijua gari kuliko mimi na wewe, kwenye nchi ambayo tairi jipya halitafutwi kwa tochi, na bado ilikuwa imevaa raba za zamani. Kwa nini? Kwa sababu gari za namna ile zinalala gereji sana, hazitembei, kashata (ile michoro ya tairi) zinabaki zimesimama vizuri tu. Ukiangalia kwa macho unaona tairi zima. Kumbe raba inakauka ndani kwa ndani hata kama gari imepaki, inakuwa ngumu, inaanza vipasuko vidogo vidogo, na siku ukiidai ishike lami kwa nguvu haina tena ule ulaini wa kushika. Watengenezaji wengi wa magari wanashauri baada ya miaka 6 ubadilishe, na kampuni za matairi nyingi zinasema 10 ndo mwisho wa mwisho, bila kujali kashata imebaki kiasi gani.

Mi hii namba 9 hainitoki kichwani kwa sababu ndo namba inayotuhusu sisi kuliko zile maili 93. Nani kati yetu atawahi kukaa kwenye Carrera GT? Zilitengenezwa kama 1,270 tu dunia nzima. Lakini tairi la zamani tunalo wengi. Nenda pale wanapouza matairi ya mtumba, angalia wateja: anaingiza kidole kwenye kashata, anagonga gonga ubavuni, muuzaji ameshalipaka dawa nyeusi linang'aa kama viatu vya bwana harusi, bei inakubaliwa, linafungwa. Hakuna aliyeinama kusoma. Na maandishi yapo, pembeni ya tairi tafuta herufi DOT, ufuate mstari wake mpaka mwisho utakuta tarakimu nne. Ikiandikwa 2316 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 mwaka 2016. Wakati mwingine hizo nne za mwisho zipo upande mmoja tu, na kama fundi kaugeuzia huo upande ndani huzioni mpaka uingie chini ya gari, sijui ni bahati mbaya au makusudi, majibu mnayo.

Na unajua hii habari ya tarakimu nne wengi tumeijulia wapi? Kwa mashabiki haohao wa Paul Walker. Sio kwenye semina ya usalama barabarani, ni kwa wale wapenda magari wanaobishana usiku kucha kuhusu ile ajali, nani alikosea, gari au dereva au raba. Ukikaa nao dakika ishirini unatoka unajua kitu. Sasa mtu anayekwambia hawa wanatukuza ajali, mi nashindwa kumwelewa.

Tena watu wanasahau tulimpendea nini huyu jamaa. Filamu ya kwanza ya Fast & Furious ilitoka 2001, na kilichotushika huku sio utajiri, ni kwamba magari yalikuwa ya Kijapani. Supra, Eclipse, Skyline. Huku ambako barabara imejaa Toyota za mtumba ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi kuona ndugu wa gari ya mjomba ndo staa wa picha. Mwenye Aristo akajua kumbe chini ya boneti yake kuna ukoo wa injini ya Supra, ile 2JZ. Kwenye vibanda umiza watoto hawakujua jina la Paul, walimwita "yule mzungu polisi", kwa sababu aliigiza Brian, askari anayetumwa kupeleleza wezi halafu mwishoni anamwachia rafiki yake funguo za gari akimbie. Uaminifu kwa mshikaji, hiyo ndo iliyowaingia watu.

Na hiyo picha ya mwisho inayopostiwa kila mwaka, hebu iangalieni tena. Paul alikufa filamu ya saba haijamaliza kupigwa, ikabidi wadogo zake Caleb na Cody wasimame badala yake na kompyuta ziwabandike sura yake, ikatoka Aprili 2015 ikaingiza kama dola bilioni 1.5. Wapo waliosema ni kumfanyia biashara maiti, na sitabishana nao sana, hela ni hela. Ila wangeweza kumuua Brian kwa mlipuko, wasingekosa watazamaji. Wakamwacha hai, ana mke na mtoto, anaacha ile kazi. Zile gari mbili hazishindani, zinatembea sambamba halafu moja inashika njia yake. Katika picha zote za mfululizo ule, mashabiki wamechagua ile isiyo na fujo.

Ongeza na Reach Out Worldwide, taasisi aliyoianzisha 2010 baada ya tetemeko la Haiti, akaenda mwenyewe kule. Hafla aliyotoka siku ile ilikuwa ya hiyohiyo. Mdogo wake Cody akaja kuanzisha FuelFest, maonyesho ya magari, egzosti zinanguruma kweli, na sehemu ya mapato inakwenda kwenye taasisi ya kaka yake. Sasa hapo utatenganishaje gari na msaada?

Bintiye Meadow, aliyekuwa na miaka 15 baba yake alipokufa, aliishtaki Porsche kwamba gari ilikuwa na kasoro za usalama, kampuni ikakataa, mwisho 2017 wakamalizana nje ya mahakama na masharti hayakutangazwa. Kwa hiyo hata familia yenyewe haikukubali kwamba hadithi yote ni mguu kwenye mafuta, ingawa polisi kwa upande wao walishasema lao na ripoti ipo.

Wale wa raundi abauti usiku, hao wakikamatwa msinipigie simu.