Bomu la Machozi Uwanjani: Shabiki Akimbilie Wapi?

Usiku wa tarehe 1 Oktoba 2022, mjini Malang, Indonesia, Arema walifungwa 3-2 na watani wao wa jadi, Persebaya, katika uwanja wa nyumbani wa Kanjuruhan. Mashabiki wakaruka uzio, wakaingia hadi kwenye nyasi. Polisi wakawapokea kwa virungu, kisha kwa mabomu ya machozi, na baadhi ya mabomu yakaangukia majukwaani, kwa watu ambao hawakuwa wamemvamia mtu. Walikufa watu 135. Wengi walikutwa na mauti kwenye ngazi za kutokea, wamebanana mbele ya milango myembamba, mingine haijafunguliwa vizuri. Waliotangulia walikwama mlangoni. Waliokuwa nyuma, macho yanawaka na pumzi inakata, hawakulijua hilo, wakazidi kusukuma.

Bomu la machozi limetengenezwa kutawanya watu. Likirushwa barabarani, watu huingia vichochoroni na barabara ikabaki tupu. Uwanjani hakuna kichochoro. Kuna ngazi na mlango, basi. Ndiyo maana kisa ni kilekile miaka nenda miaka rudi. Accra, Mei 2001, Hearts of Oak na Asante Kotoko: viti vikarushwa, polisi wakafyatua mabomu, milango imefungwa, watu 126 wakapoteza maisha. Kinshasa, Mei 2014, AS Vita Club na TP Mazembe: vurugu, mabomu, mkanyagano, watu 15. Kanuni za usalama za FIFA zenyewe zinakataza gesi ya aina hiyo uwanjani, lakini polisi hupokea amri kwa mkuu wao, si kwa FIFA.

Hata hivyo, askari naye ana hoja, na si ndogo. Februari 2012 kule Port Said, Misri, mashabiki wa Al Masry waliwavamia wenzao wa Al Ahly baada ya mechi. Lawama kubwa iliyowaangukia polisi siku ile haikuwa kwamba walitumia nguvu, bali kwamba walisimama wakitazama. Walikufa zaidi ya watu 70. Kwa hiyo anayesema polisi wabaki nje ya uwanja, mashabiki watajilinda wenyewe, anieleze wale wa Al Ahly wangelindwa na nani.

Na hapohapo Malang, polisi walikuwa wameomba mapema mechi ichezwe mchana badala ya usiku. Waandaaji wakakataa. Baadaye askari haohao ndio waliofyatua mabomu, na wawili kati ya waliokufa walikuwa polisi. Hilo haliwaondolei hatia, lakini linaonyesha mambo yalikoanza kuharibika.

Kwetu Afrika Mashariki, naona hatari kubwa haiko hata majukwaani. Iko langoni, kabla mpira haujaanza. Mwaka 2010 watu saba walikufa katika mkanyagano Uwanja wa Nyayo, Nairobi, siku ya Gor Mahia na AFC Leopards. Mei 2023, siku Yanga walipocheza na USM Alger ya Algeria mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, mtu mmoja alifariki na 30 wakajeruhiwa.

Mwenyewe nimewahi kukwama kwenye foleni ya mzunguko, yaani viti vya bei ya chini, katika uwanja ambao sitautaja. Lango lililokuwa wazi lilikuwa moja tu. Nyuma watu walikuwa wakiimba, mbele tayari watu wanalia, na mimi katikati sikanyagi chini, nabebwa. Baba mmoja alikuwa na mtoto mabegani. Askari kijana aliyesimama juu ya kizuizi akanyoosha mikono, mtoto akapitishwa juu ya vichwa vyetu hadi kwake. Kisha akageuka akapiga kelele lango la pili lifunguliwe, na aliyekuwa na ufunguo hakuonekana kwa muda mrefu sana.

Kwa hiyo nasimama hapa: gesi itoke viwanjani kabisa, polisi wabaki. Wabaki wengi, tena wafike mapema, wapangwe malangoni kusaidiana na wasimamizi wa uwanja badala ya kusubiri kuitwa mambo yameshaharibika. Nasi mashabiki tuache kuja bila tiketi kwa matumaini kwamba lango litasukumwa likubali. Anayesukuma lango hamsukumi askari, anamsukuma mtoto aliye mbele yake.

Watani wa Kariakoo, Simba na Yanga, wakikutana tena, klabu na polisi watangaze mapema idadi ya malango yatakayofunguliwa na saa yatakapofunguliwa. Na kila lango liwe na mtu wa ufunguo anayejulikana kwa jina, asiyeondoka hapo mpaka shabiki wa mwisho awe ametoka.