Jina la ndoa na haki za ndoa: nchi zinavyogawanyika kuhusu wapenzi wa jinsia moja

Mwaka 2009 Thea Spyer alifariki dunia New York na kumwachia mali yake mwenzi wake, Edith Windsor. Walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka 40, na mwaka 2007 walifunga ndoa Toronto, Kanada. Jimbo la New York liliitambua ndoa hiyo, lakini serikali kuu ya Marekani haikuitambua. Windsor akadaiwa kodi ya mirathi ya dola 363,053, kodi ambayo mwanamke aliyefiwa na mume asingedaiwa hata senti moja. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilimpa haki yake kwa kura 5 dhidi ya 4.

Natanguliza kesi hii kwa sababu mjadala wa ndoa za jinsia moja huanzia kwenye dini na maadili, na mara nyingi huishia hapo hapo. Sheria, kwa upande wake, inashughulika na mambo ya kila siku: nani anarithi nyumba, nani anaruhusiwa kusaini fomu ya upasuaji, nani anapata pensheni ya marehemu, nani anapewa kibali cha kuishi nchini. Kwa hiyo kuna magomvi mawili ndani ya mjadala mmoja. Moja ni la haki hizi. Jingine ni la nani aitwe mwanandoa. Watu wengi wanaopinga kwa nguvu la pili hawana neno kubwa juu ya la kwanza, na sheria za nchi kadhaa zimejengwa juu ya tofauti hiyo.

Denmark ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1989 ilianzisha usajili wa wenzi wa jinsia moja bila kuugusa mlango wa ndoa. Ufaransa ikafuata mwaka 1999 na PACS, mkataba wa kiraia wa kuishi pamoja, uliokuwa wazi kwa kila mtu, na baadaye ukapendwa zaidi na wenzi wa mwanamume na mwanamke. Kroatia ndiyo imeonyesha mgawanyo huu waziwazi kuliko nchi yoyote: mwaka 2013 wapiga kura wake waliamua Katiba iseme kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria inayowapa wenzi wa jinsia moja karibu haki zote za wanandoa.

Wanaoitetea njia hii ya kati wana hoja ya maana. Ndoa haikubuniwa na serikali. Ilikuwapo kabla ya mabunge, ikabebwa na dini, mila na koo, na kwa mamilioni ya watu haitenganishwi na kuzaa na kulea. Dola inapobadilisha maana yake, watu hao wanajiona wamenyang'anywa kitu ambacho serikali haikuwa na mamlaka nacho. Kama haki za mirathi, matibabu na pensheni zinaweza kulindwa kwa mkataba mwingine, kwa nini kuwaumiza?

Tatizo ni kwamba mkataba huo mwingine kwa kawaida hutoka ukiwa na mapengo. Italia ilipopitisha muungano wa kiraia mwaka 2016, kifungu cha kuasili mtoto wa mwenzi kiliondolewa ili sheria ipite. Mtoto anayelelewa na watu wawili tangu kuzaliwa akabaki na mzazi mmoja tu kwa mujibu wa sheria hiyo, na mwingine akalazimika kwenda mahakamani. Hapa ndipo mimi nasita kuikubali njia ya kati kama kituo cha mwisho. Anayeumia ni mtoto, ambaye hakuhusika na ugomvi wa jina.

Afrika Kusini, nchi pekee ya Afrika yenye ndoa hizi, ililipima swali hili kwa kina. Desemba 2005, katika kesi ya Fourie, Mahakama ya Katiba ilisema sheria ya ndoa ilikuwa ya kibaguzi, ikalipa Bunge miezi 12 kurekebisha. Jaji Albie Sachs, aliyeandika hukumu, aliikumbusha nchi kwamba dhana ya kuwatenga watu huku ukidai wako sawa iliwahi kutumika kufunika dharau. Kwa taifa lililotoka kwenye ubaguzi wa rangi, onyo hilo halikuhitaji maelezo. Sheria ya Novemba 2006 iliwaruhusu wenzi wote, wa jinsia moja au tofauti, kuchagua kuita muungano wao ndoa au ubia wa kiraia.

Lakini sheria hiyo hiyo iliwaruhusu maofisa wa serikali wanaofungisha ndoa kukataa kuwahudumia wenzi wa jinsia moja kwa sababu za dhamiri. Nalichukulia suala la dhamiri kwa uzito. Kasisi, mchungaji au shehe hapaswi kulazimishwa kufungisha ndoa anayoiona ni dhambi, na nchi zilizobadilisha sheria kwa kawaida zimewalinda viongozi wa dini. Uingereza ilifika mbali hadi kuliwekea Kanisa la Anglikana kinga yake ndani ya sheria ya 2013. Ofisa anayelipwa na umma ni jambo jingine. Palipokuwa na ofisi moja na maofisa wake wote wamekataa, haki ilibaki kwenye karatasi. Mwaka 2020 Afrika Kusini ilikifuta kifungu hicho, na naona ilifanya sawa.

Hoja nzito kuliko zote ya upande wa kupinga, kwa maoni yangu, ni ya nani aamue. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipohalalisha ndoa hizi nchi nzima mwaka 2015, Jaji Mkuu John Roberts alipinga kwa kusema kwamba wanasheria watano, yaani majaji wenzake walioshinda kura, wamefunga mjadala uliokuwa wa wananchi. India ilichukua msimamo unaokaribiana na huo Oktoba 2023, Mahakama yake ya Juu ilipokataa kuhalalisha ndoa hizo na kuliachia Bunge. Ireland, iliyoamua kwa kura ya maoni mwezi Mei 2015 kwa asilimia 62, haijapata kuambiwa kwamba majaji waliwapora wananchi uamuzi.

Hata hivyo haki za wachache zikisubiri kura za walio wengi, zinaweza kusubiri milele. Taiwan ilinaswa katikati: mahakama ya katiba iliamuru mwaka 2017 ndoa hizo ziruhusiwe ndani ya miaka miwili, wapiga kura wakapinga mwaka 2018 kuibadilisha Sheria ya Kiraia, inayobeba masharti ya ndoa, na Bunge mwaka 2019 likatunga sheria ya pekee. Sheria ya Kiraia haikuguswa, na wenzi wakaanza kufunga ndoa Mei 24. Ulikuwa utungaji wa sheria wa busara, ingawa haki ya kuasili kwa pamoja ilichelewa hadi 2023.

Kinachobaki kigumu ni mipaka ya nchi. Kuna nchi zaidi ya 35 zinazofungisha ndoa hizi, na zaidi ya 60 ambako uhusiano wenyewe ni kosa la jinai. Katika kundi hilo la pili swali la jina halijafikiwa kabisa, kwa kuwa anayedai mirathi ya mwenzi wake anakiri kosa. Mtu anaweza kuamini kwa dhati kwamba ndoa ni ya mume na mke, na bado akaona kwamba jela haiilindi imani hiyo. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliiambia Romania kwamba haidaiwi kuanza kufungisha ndoa hizi, ila lazima impe kibali cha kuishi mwenzi wa raia wa Umoja aliyefunga ndoa kihalali katika nchi nyingine mwanachama. Kwa nchi ambayo bado inabishana juu ya jina, hicho ndicho kiwango cha chini ambacho sioni hoja ya haki ya kukikataa.