Taslimu isichaguliwe na kompyuta

Mvua za Novemba zikikaribia, wakulima wa mahindi na viazi hujaa kwenye maduka ya pembejeo ya Uyole. Kwenye kompyuta ya karani, fomu ya mauzo ina vitufe vitatu vya duara: Taslimu, Simu, Mkopo. Ukichagua kimoja, kilichokuwa kimechaguliwa kinajifuta. Kinachobishaniwa na watengeneza programu ni hiki: fomu ikifunguka, Taslimu iwe imeshachaguliwa, au vyote viwe vitupu?

Wanaotaka iwe imeshachaguliwa hawabahatishi. Mwongozo wa Microsoft wa kubuni programu za Windows unashauri kitufe kimoja kichaguliwe tangu mwanzo, isipokuwa kwa sababu kama za usalama au sheria zinazomtaka mtumiaji aamue mwenyewe. Tena, kama wateja wengi wanalipa papo hapo, foleni inakwenda haraka.

Kwenye pesa, naona hoja hiyo inapwaya. Karani akisahau kubadilisha, mfuko wa mbolea ya DAP uliotoka kwa mkopo unaingia kama taslimu. Jioni hesabu ya droo itapungua, lakini droo haisemi anayedaiwa ni nani. Mkulima atarudi kulipa baada ya mavuno, miezi mingi mbele, na jina lake halimo kwenye orodha ya madeni.

Hata hivyo, vitufe vitupu peke yake havitoshi, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Msimbo mara nyingi huandikwa hivi: kama ni Taslimu, andika taslimu, kama ni Simu, andika simu, vinginevyo, andika mkopo. Hiyo "vinginevyo" imeshamchagulia karani kimyakimya. Aliyelipa pesa mkononi anageuka mdaiwa kwa sababu tu hakuna kitufe kilichobonyezwa. Kila kitufe kikaguliwe kwa jina lake, na "vinginevyo" ikatae kuhifadhi, ioneshe ujumbe, imrudishe karani kwenye vitufe.

Kuna pia mteja anayefuata. Baada ya kuhifadhi, chaguo la zamani lifutwe, la sivyo mkopo wa aliyetangulia unamwangukia mwingine. Kwenye Swing, zana za lugha ya Java za kutengeneza madirisha na vitufe, kukiagiza kitufe kilicho ndani ya kundi kijizime kwa amri ya setSelected hakusaidii. Inayofuta ni amri ya clearSelection ya kundi lenyewe.

Muda wa foleni unaopotea karani akichagua mwenyewe unarudishwa kwa kibodi. Kwenye Windows Forms, zana za Microsoft za kutengeneza fomu kama hizi, ukiandika &Taslimu kama maandishi ya kitufe, Alt na T vinakichagua bila kugusa mausi.

Kundi la vitufe vya saizi ya risiti, ndogo au kubwa, liwe na chaguo tayari bila wasiwasi, maana kosa lake linaonekana kwenye karatasi papo hapo. Ila liwekwe ndani ya GroupBox yake, yaani kisanduku cha kutenga kundi la vitufe. Makundi mawili yakikaa kwenye kontena moja, yaani kisanduku au dirisha moja, Windows Forms inayahesabu kuwa kundi moja, na karani akichagua risiti ndogo, Taslimu aliyoichagua kwa mkono wake inafutika.