Sumu ya panya na kiroba kilicho wazi

Panya wa darini, yule mwenye mkia mrefu kuliko mwili, hula kiasi cha gramu 15 hadi 20 za chakula kikavu kwa siku. Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120. Piga hesabu: panya 6 wanakula sawasawa na kuku mmoja. Mfugaji wa Chanika, Msongola au Kibamba mwenye panya 25 kwenye banda na stoo, na 25 si wengi hata kidogo, analisha kila siku kuku 4 ambao hawatagi, hawauziki na hawaliwi. Kwa mwezi ni kilo 13 hivi. Kiroba cha kilo 50 kinakwisha ndani ya miezi minne, yai halijaonekana. Na hapo hatujagusa chakula walichokikojolea na kukinyea, ambacho kwa kawaida ni kingi kuliko kile walichokila.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu mazungumzo ya panya huku pembezoni mwa Dar es Salaam huanzia kwingine kabisa. Huanzia kwenye sumu. Spika ya mchuuzi inapita asubuhi ikiimba dawa ya panya, mende, kunguni, na majirani wanagawanyika. Wapo wasemao mwaga sumu, panya haonewi huruma. Wapo wasemao sumu itaua kuku na watoto, bora paka. Katikati yupo mtu mmoja asiyesikilizwa: yule anayesema fungia chakula kwenye pipa, ziba matundu, ondoa magogo na mabati mabovu nyuma ya banda, ndipo tuzungumze mengine. Huyo huonekana mtu wa semina, mwenye hela za kuchezea saruji. Au mvivu tu, anayeogopa kuua.

Wenye sumu wana hoja, na si za kipuuzi. Pakiti ni bei ya chai na vitumbua, wakati pipa na wavu ni hela ya kujipanga. Mpangaji hawezi kuchimbua msingi wa nyumba ya mtu. Panya akishaingia kwenye mahindi usiku huu, ushauri wa kujenga stoo upya mwezi ujao hausaidii kitu. Tena Serikali yenyewe hutumia sumu: panya shamba wanapolipuka mikoani, hasa baada ya vuli yenye mvua nyingi, wakulima hugawiwa chambo chenye zinki fosfaidi, na inaeleweka. Jike la panya huyo lina hadi chuchu 24 na huzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo, na shamba la ekari tano huwezi kulizungushia bati. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro wamemfuatilia kwa miongo mingi, na hakuna anayewaambia wakulima wakae na mitego mitatu wakingoja.

Ila banda la kuku si shamba la ekari tano. Ni chumba chenye kuta nne, mlango mmoja, na chakula ambacho mwenye nyumba amekileta mwenyewe kwa bodaboda. Tofauti hiyo ndiyo inayobadilisha kila kitu, na ndiyo isiyosemwa.

Fikiria sumu inavyofanya kazi. Ili panya afe, lazima aile. Ili aile, lazima aichague mbele ya vingine vilivyopo. Sasa kwenye stoo yenye viroba vitatu, kimoja kimeshatobolewa pembeni, na vyombo vya kulishia vyenye pumba usiku kucha, kijiko chako cha punje za rangi kina mvuto gani? Panya wa jamii kubwa, kama huyo wa darini, kwa tabia hukwepa kitu kigeni kwa siku kadhaa kabla ya kukigusa. Panya wa jamii ndogo, wale wa ndani ya nyumba, ni wadadisi zaidi, lakini wao hudonoa huku kidogo na kule kidogo, hivyo huonja chambo, wakarudi kwenye pumba, wakaishi. Ile sumu ya unga wa kijivucheusi, yaani zinki fosfaidi, huchanganyikana na asidi ya tumbo ikatoa gesi inayoua upesi. Panya akionja kidogo tu akaumwa bila kufa, hairudii tena. Kwa hiyo hata anayeamini sumu kwa moyo wote anahitaji kwanza kufunga chakula, la sivyo ananunua pakiti za kupamba stoo. Ukweli huu mchuuzi hana sababu ya kuutangaza.

Tuseme imefanya kazi, na kati ya panya 25 wamekufa 18. Watu hushangilia mizoga, na mimi sioni ajabu, mzoga unaonekana kwa macho. Lakini waliobaki 7 wamerithi nini? Chakula kilekile, mashimo yaleyale, na nafasi kubwa zaidi. Panya mdogo wa nyumbani hubeba mimba siku 19 hadi 21, huzaa watoto 5 hadi 8, na watoto hao huanza kuzaa wakiwa na wiki sita au nane tu. Masika hayajaisha, wameshajaa tena, na spika inapita tena. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo; sidhani kama kati yao yupo aliyewahi kufuga kuku.

Mji wa Baltimore, Marekani, uliyaona haya miaka ya 1940. Walianza kwa sumu, na panya walikufa kweli. Mtafiti David Davis wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walipofuatilia mtaa kwa mtaa, waligundua kwamba idadi hurudi pale ilipokuwa ikiwa takataka na maficho havijaguswa. Palipoondolewa chakula na maficho, panya walipungua na kubaki wachache. Idadi ya panya inaamuliwa na meza iliyoandaliwa, wala si na wingi wa waliouawa.

Hofu ya upande wa pili, kwamba sumu huenda mbali kuliko panya, nayo ina ukweli mkubwa kuliko watu wa sumu wanavyokubali. Chambo kingi cha dukani cha punje au vipande vya nta, cha bluu, kijani au waridi, ni cha jamii ya brodifakumu na bromadiolone. Sumu hizi huzuia damu kuganda, na panya hufa baada ya siku tatu hadi saba au zaidi. Katika siku hizo bado anatembea, amelegea, mchana kweupe, tumboni na kwenye ini ana sumu. Nani anamkamata? Paka, mbwa, kunguru. Kuku wa kienyeji pia, maana kuku akiona panya mdogo aliyelegea hambakizi. Sumu hizi hukaa kwenye ini kwa wiki na miezi, na zimewahi kukutwa hata kwenye mayai ya kuku waliozila. Kwa mtu anayeuza trei za mayai mtaani, jambo hilo peke yake lingetosha kumkosesha usingizi.

Na bundi. Huku Pwani bundi akilia juu ya paa watu wanahesabu nani mgonjwa, na vijana wanamfukuza kwa mawe. Ndege huyo anayetisha watu hula panya watatu, wanne kwa usiku mmoja, bila mshahara, bila pakiti. Sehemu nyingi duniani bundi wamekutwa wamekufa na sumu hizohizo miilini baada ya kula panya waliotiwa sumu. Tunampiga mawe mwindaji wetu, na anayenusurika tunamlisha mzoga wenye sumu.

Kuhusu paka sitakaa sana, kwa sababu wapenzi wake wanamkweza kuliko kazi yake. Paka mzuri hupunguza panya wadogo na huwatia wengine hofu. Panya mkubwa anayejua kujitetea ni habari nyingine: watafiti waliofunga kamera kwenye kiwanda cha taka huko Brooklyn, New York, na kutoa matokeo yao mwaka 2018, walifuatilia kwa siku 79 wakaona paka wakiua panya 2. Panyabuku anayechimba karibu na choo cha shimo, paka humpisha njia. Tena paka anayelala juu ya viroba vya chakula ni tatizo jipya kwenye stoo.

Kinachonisumbua zaidi kuliko pumba ni mkojo. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa 20 na vifo 3 mkoani Lindi, na watu wiki nzima walizungumzia ugonjwa wa ajabu wa kutoka damu puani. Ukatajwa jina: homa ya mgunda. Vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya akiwa mbele, hukaa kwenye maji na udongo wenye unyevu, na huingia mwilini kwa mchubuko mdogo tu mguuni. Sasa waangalie wanaoingia bandani alfajiri ya masika: watoto wenye kandambili, mama mwenye ufa kisiginoni, kijana wa kazi anayefagia kinyesi kikavu cha panya huku vumbi likimwingia puani, wakati alipaswa kukilowesha kwanza kwa maji yenye klorini, amevaa glavu na viatu vya mpira. Hapa watu wa sumu husema, na ni kweli, kwamba panya aliyekufa hakojoi. Lakini kama wanarudi kila baada ya miezi miwili, mkojo nao unarudi, na katikati tumeongeza mizoga inayooza juu ya dari.

Huyu asiyesikilizwa anataka nini hasa? Si nyumba mpya. Anataka pipa la bati lenye mfuniko. Lile la lita 200 linameza viroba viwili, na panya hana namna nalo, tofauti na la plastiki ambalo hulitafuna kwenye ukingo. Anataka vyombo vya kulishia viondolewe jioni kuku wanapopanda kulala, maana kuku hali gizani, ila mwingine anakula. Anataka wavu wenye matundu ya milimita 6, kwa kuwa panya mdogo hupita kwenye upenyo wa unene wa penseli. Wengi wetu tumezungushia mabanda wavu wa kuku, wenye matundu ambayo panya hupita bila hata kuinamisha kichwa. Anataka bati laini lizungushwe chini ya ukuta wa mbao, na miguu ya kichanja ivishwe kofia za bati. Halafu mitego ya kawaida ya kubana, mingi kwa pamoja, imepangwa kando ya ukuta kila baada ya mita mbili au tatu na chambo kikitazama ukuta, kwa sababu panya mdogo haendi mbali na kiota chake. Mara nyingi mita kumi ni safari ndefu kwake. Mtego mmoja katikati ya chumba ni mapambo. Gundi ya kunasia mimi siipendi: inanasa vifaranga na mijusi, na panya anakaa pale akilia hadi asubuhi.

Gharama ipo, sikatai. Lakini rudi kwenye kilo 13 za mwezi. Pipa la bati lililotumika na mita chache za wavu zinajilipa kwa chakula kinachookolewa ndani ya misimu michache ya kuku, na hazinunuliwi upya kila vuli.

Palipo pagumu kweli ni kiwanja cha jirani. Kila mtaa huku una kiwanja chenye pagale la kozi tatu, mwenyewe anakaa mjini, na kichaka kimefika kiunoni. Unaweza kufunga kila kitu kwako na bado panya wakavuka ukuta kila usiku. Hapa wa sumu wanashinda hoja nusu: kuziba kwako hakuwaui walioko kwake. Lakini kunawafanya wasibaki kwako, na kufyeka ukanda wa mita mbili au tatu kuzunguka banda kunawanyima kivuli cha kupitia. Mjumbe na ofisi ya mtaa wanaweza kumtafuta mwenye kiwanja. Sumu ya kurusha juu ya ukuta inatafuta mbuzi wa mtu.

Wakati wa sumu upo, na ni mfupi: kuku wametolewa wote, banda liko tupu, pumba ya mwisho imefagiwa. Panya wana njaa na chambo hakina mshindani. Hapo nunua chenye lebo iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, inayotaja kiambata chake, kwa kuwa daktari akiletewa mtoto aliyekula punje za rangi anahitaji kujua ni nini: brodifakumu inatibika kwa vitamini K1 ikiwahiwa, zinki fosfaidi haina dawa yake maalumu. Kifungashio kisicho na maandishi hakimwambii lolote. Weka chambo ndani ya kisanduku kilichofungwa chenye tundu la panya tu, kikazwe ukutani. Kagua kila asubuhi, okota mizoga kwa glavu, ichimbie chini mbali na kisima. Siku chache kabla vifaranga havijaletwa, toa chambo chote kilichobaki, hesabu visanduku, kisha ndipo umwage maranda.