Injini Ikizimika Ndege Ikitua: Rubani Awahi au Atulie?

Wengi tunaopanda ndege KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, tunaamini kwamba injini moja ikizimika ndege ikishuka, rubani hodari ni yule anayechukua hatua papo hapo. Imani hiyo ina ukweli wake, lakini imewahi kugharimu maisha ya watu.

Januari 8, 1989, Boeing 737 ya British Midland yenye watu 126 ilipata hitilafu kwenye injini ya kushoto. Ndege ikatetemeka, harufu ya moshi ikaingia, na marubani wakazima injini ya kulia, ile nzima. Mtetemo ukapungua, wakaona wamepatia. Kumbe ile mbovu ilitulia kwa sababu ilipunguziwa mafuta. Walipoidai nguvu zaidi wakikaribia kutua East Midlands, ikafa. Watu 47 walipoteza maisha.

Ndiyo maana leo marubani hufundishwa kwanza kuishika ndege. Pua ikivutwa upande wa injini iliyokufa, wanakanyaga pedali ya upande wa pili. Kisha mmoja anaweka mkono kwenye wenzo wa injini na kuitaja kwa sauti, na haugusi zaidi mpaka mwenzake atazame na kuthibitisha. Nafasi ya kufanya hivyo ipo, maana ndege ya injini mbili ikishuka haihitaji nguvu kama inapopaa. Moja inatosha kuitua.

Ila utulivu nao una kikomo. Januari 17, 2008, Boeing 777 ya British Airways ilikuwa inakaribia Heathrow, yapata futi 700 kutoka ardhini, injini zote mbili zilipokataa kuongeza nguvu. Barafu ilikuwa imeziba njia ya mafuta. Hapakuwa na muda wa kufungua kitabu cha taratibu za dharura. Nahodha Peter Burkill alipunguza kidogo flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, ili ndege isogee mbele zaidi. Iliangukia kwenye nyasi kabla ya kufika njia ya kutua ndege, na hakuna aliyekufa.

Mimi naegemea utulivu, ila si kila mahali. Uwanja wa Arusha pale Kisongo uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini moja iliyobaki inapandisha ndege kwa shida. Aliyekwisha kujipanga vizuri na njia ni heri atue kuliko kughairi na kupaa tena. KIA iko chini zaidi, na njia yake ina urefu wa yapata mita 3,600. Huko rubani ana nafasi kubwa ya kuchagua.

Halafu kuna Cessna Caravan zinazopeleka wageni Serengeti. Injini ni moja tu. Ikizimika, hakuna swali la ipi imekufa: rubani anashusha pua kulinda mwendo, anachagua pa kutua, huku akijaribu kuiwasha na kuita mnara wa kuongozea ndege. Ndege hiyo imeidhinishwa kurushwa na mtu mmoja. Kwa kazi zote hizo ndani ya dakika chache, ningetaka wawe wawili kila inapobeba abiria.