Mti Uliovaa Hereni kwa Mama Mkwe

Kununua miti kwa mama mkwe ni hasara unayoiingia macho wazi. Mikaratusi tisa, kila mmoja 3,500, na jirani yake wa ng'ambo ya kijito alikuwa ameniuzia ya unene uleule kwa 2,800. Lakini huku kwetu Shinyalu, Kakamega, mkwe hampi mama mkwe mkono, hamkazii macho, na bei habishani naye. Alimtuma mjukuu wake wa miaka saba aje aseme bei. Mtoto akaisema, nikajibu "sawa." Kwa siku mbili zilizofuata, kila neno kati yangu na yeye lilipita kwenye mdomo wa mtoto yule.

Sikuwa na pa kwenda. Serikali ilipofunga ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, sisi wa pawa moja, ule msumeno wa injini, na kamba moja tulibaki na miti ya mashambani, na miti ya mashambani ina wenyewe, na wenyewe ni watu wa ukoo. Unalipa mti ukiwa umesimama. Ukiwa na mchwa ndani, ni wako. Ukiwa umeinamia nyumba, ni wako zaidi.

Minane ililala bila maneno. Mashina tukayapasua kuwa kuni za viwanda vya majani chai, zinazopimwa kwa mita za ujazo zikiwa zimepangwa, na vilele tukavikata nguzo za kushikilia slabu kwa watu wa mjengo. Wa tisa ndio wenye hadithi. Unene wake sentimita 60 ukipimia kifuani, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, urefu kama mita 30. Jiko la mama mkwe lilikuwa mita 18 kutoka kwenye shina, upande uleule mti ulikoinamia. Mimi nilitaka ulale upande wa pili, kwenye shamba. Ilikuwa Septemba, mahindi yameshavunwa, hakuna cha kuharibu.

Mti haulazwi kinyume na unakoinamia kwa kuuomba. Unahitaji kamba na kabari. Kamba anapanda nayo kijana mwepesi, anaifunga mita 12 hivi juu, kwa sababu ukifunga chini unapambana na mti mzima, na ukifunga juu mti wenyewe unakuwa mpini wako. Yangu ilikuwa ya mita 50, hivyo vijana sita wa kuvuta walisimama mita 38 kutoka kwenye shina, kilele kisiweze kuwafikia. Kabari nilikuwa nazo nne. Nilizichonga mwenyewe kutoka kwenye mchi wa zamani wa kinu, urefu sentimita 25, mgongo unene sentimita 4, ngumu kama pembe. Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu, nikazipanga vizuri juu ya jani la mgomba karibu na ukuta wa jiko, chini ya mabati, zisilowe.

Kisha nikachanganya mafuta: petroli lita tano, oili mililita 100. Kuna wanaopima kwa kifuniko cha soda, na mashine zao nazijua, zinakohoa kuliko wazee wa barazani.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumtoa mama mkwe jikoni. Sikuweza kuingia, wala kupaza sauti. Nikamtuma mtoto: "Mwambie kukhu," yaani bibi yake, "atoke, tunaangusha mti." Mtoto akarudi: "Kukhu anasema anawapikia chai, hawezi kuacha maziwa kwenye moto." Nikamtuma tena. Akarudi: "Kukhu anasema mngoje, kuni zimelowa na mvua." Tulingoja nusu saa. Halafu ghafla moshi wa jikoni ukabadilika, ukawa mweupe na mwepesi, na dakika kumi baadaye mama mkwe akatoka na birika kubwa, akaenda kuketi kwa jirani. Nikamshukuru Mungu.

Nikaanza na mdomo, ule mkato wa mbele upande mti unakokwenda. Kina chake robo ya unene au chini kidogo. Wangu nikaupa sentimita 14. Kisha nikahamia nyuma, nikaingiza mashine sentimita 5 juu ya sakafu ya mdomo. Hapo huwa unaacha bawaba ya sentimita 6 isiyokatwa, ndiyo inayouongoza mti ukianguka. Ukiila bawaba, mti unaamua wenyewe. Nikaingia sentimita 10, 15, 20. Mkato ukishatosha kumeza kabari bila ncha yake kugusa cheni, unasimama, unapiga kabari ya kwanza, ndipo unaendelea. Nikamwambia taniboi, msaidizi wangu, "Lete kabari."

Taniboi akaenda. Akarudi na jani la mgomba.

"Ziko wapi?"

"Hapa kuna jani tu, bosi."

Mtu mwenye akili angezima mashine pale pale. Mimi nilijiambia kamba imekazwa, vijana ni sita, naongeza sentimita tano tu wakati yule anatafuta. Nilikuwa nimefika 25 sauti ya mtoto iliposikika kutoka kwenye ua: "Kukhu anasema chai iko tayariiii!"

Vijana sita wakaachia kamba kwa pamoja, kama waliofanya mazoezi.

Mti haukuanguka. Ulikaa. Ulirudi nyuma kidogo, kama mzee anayejiweka sawa kitini, mkato ukafumba, cheni ikasimama, injini ikazima. Nikavuta. Mti ule una tani na mimi nina kilo 68. Nikavuta tena, kwa sababu kila mwenye pawa huvuta mara ya pili hata akijua. Kinachotakiwa ni kuiokoa injini. Unachukua spana iliyokuja na mashine, unafungua nati mbili za pembeni, unatoa kifuniko, na kama klachi yako iko ndani, nyuma ya cheni, injini inachomoka na kuacha baa na cheni mtini. Baa ya mashine, ule upanga unaobeba cheni, si ile ya pombe, ingawa wakati huo niliihitaji ile nyingine. Yangu klachi iko ndani. Nikatoka na injini mkononi.

Kufikia saa sita kijiji kizima kilikuwa kwenye ua. Mama mmoja alileta mandazi ya kuuza. Mti uliokatwa nusu hauachwi peke yake, na watu wanatakiwa wakae mbali mara mbili ya urefu wake, yaani mita 60. Nilipopima mita 60 kwa hatua, nikakuta ndani yake kuna jiko, nyumba kubwa, choo, na njia ya kwenda mtoni. Nimeufunga mji wa mama mkwe wangu kama kituo cha kupigia kura.

Ndipo akaja shemeji, kaka wa mke wangu, kwa bodaboda, mashine yake mapajani. Yeye naye hukata miti, na kwa miaka mingi amekuwa akisubiri siku hii.

"Kabari zako ziko wapi, shemeji?"

"Zimepotea."

"Kabari hupotea?"

Alikuja bila zake, akijua mimi ninazo nne. Hata hivyo hakutaka kungoja tuchonge nyingine. Akakata sentimita 15 juu ya mkato wangu, kutoka nyuma vilevile. Uzito wote wa mti ulikuwa umelala upande ule, kwa hiyo mkato wowote unaofunguliwa pale unafumba. Alifika sentimita 12. Ukafumba. Na yake klachi iko nje, ngoma ya klachi inafunika cheni, injini haitoki mpaka cheni ilegee. Ikabaki inaning'inia.

Mtoto alisema kwa sauti ya kanisani, "Mti umevaa hereni."

Mvua ya alasiri ikaja kama kawaida ya Kakamega, tukaacha. Mama mkwe hawezi kulala kwa mkwe wake, hata nyumba yake ikiwa inatazamwa na mti wa mita 30, basi akalala kwa dada mmoja wa kanisa. Mimi na shemeji tulilala nje mita 60 kutoka kwenye mti, chini ya mwavuli mmoja, tukilinda mashine moja na baa moja ambazo hakuna mwizi duniani angeweza kuzitoa. Hatukuzungumza sana. Saa tisa usiku aliniuliza, "Kweli zilikuwa nne?"

Asubuhi tulichonga kabari tano kutoka kwenye tawi kavu la mpera. Kamba ilikuwa bado juu, nayo ndiyo bahati pekee tuliyopata, maana mti uliokatwa nusu haupandishwi mtu. Tukakodi trekta ya kulimia, 3,000, dereva akaambiwa akaze kamba tu, asivute kwa fujo. Nikapiga kabari mbili, moja kila upande wa baa yangu, kwa nyundo ya kilo nne, mara hii, mara ile. Kwa dakika ishirini hakuna kitu. Kisha mkato ukafunguka upana wa sarafu, baa ikateleza ikatoka. Nikairudishia injini, nikakata polepole hadi kwenye bawaba, huku shemeji akifuatisha kabari nyuma yangu.

Ukalia. Nikarudi kinyumenyume kwa pembeni, maana nyuma kabisa ndiko shina huruka. Mti ukalala katikati ya shamba, pale pale nilipotaka tangu jana. Na kwa kuwa hereni ya shemeji ilikuwa juu ya mkato, ilisafiri na mti. Vumbi lilipotulia tuliiona imekaa juu ya gogo kama abiria wa juu ya matatu, imepoteza kifuniko cha chujio tu. Shemeji aliivuta mara moja, ikawaka. Hajaacha kulisema jambo hilo.

Nilikuwa nakunja kamba mtoto alipofika na birika.

"Kukhu anasema chai iko tayari."

"Mwambie asante."

"Na anasema kama mna vile vikuni vingine vya jana, vile vinne vilivyokuwa kwenye jani, mumpe. Anasema vilishika moto vizuri sana."

Shemeji aligeukia upande wa trekta, mabega yakimtikisika. Nilitazama zile kabari tano za mpera miguuni pangu, nikazitia mfukoni moja moja.

"Mwambie kukhu vimeisha."