Mwambieni mgonjwa majibu yatatoka lini

Mtu akikatwa kipande cha nyama shingoni kikapimwe, kisha akaambiwa "nenda nyumbani, tutakupigia", ameachwa peke yake na hofu yake. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nimeyapitia. Uvimbe wangu ulikaa chini ya sikio, hauumi, unakua polepole, na kila aliyeugusa alikuwa na jina lake. Jirani alisema mtoki tu huo. Wifi yangu akamkumbuka marehemu mjomba wake. Mimi moyoni nilishaamua ni saratani, nikawa nawaangalia wanangu wakila na machozi yananilenga.

Ilikuwa TB ya tezi. Nalitanguliza jibu ili usisome roho ikiwa juu. Kilichonikalia kooni mpaka leo ni wiki za kabla ya jibu.

Tezi za shingo huvimba kwa mengi: jino bovu, koo, VVU, kifua kikuu, saratani. Huku kwetu kifua kikuu ni moja ya sababu kubwa za tezi kuvimba na kutorudi, na unaweza kuwa nacho bila kukohoa hata kidogo. Hakuna daktari anayeweza kuyatenganisha hayo kwa kupapasa peke yake. Ndiyo maana huchoma sindano nyembamba avute chembechembe, na isipotosha, tezi hukatwa.

Kinyama hicho kina safari ndefu. Hulazwa kwenye formalini kisioze, hupitishwa kwenye spiriti, huzamishwa kwenye nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, hutiwa rangi, ndipo mtaalamu wa patholojia akitazame kwa darubini. Wataalamu hao ni wachache, kwa hiyo sampuli nyingi husafirishwa hadi hospitali kubwa. Ningeelezwa hivyo ningevumilia. Badala yake nilikabidhiwa kikopo nikipeleke maabara mwenyewe, shingo ina bandeji, sijui kinakwenda kutafutwa nini humo ndani.

Na mgonjwa aliyeelezwa anaweza hata kuokoa kipimo chake. Kipande cha kuotesha vimelea vya TB, yaani kuvikuza maabara ili vitambulike, hakiwekwi kwenye formalini, maana huviua. Huwekwa kwenye maji ya chumvi ya hospitali. Tezi yote ikishatumbukizwa kwenye formalini, kuotesha hakuwezekani tena. Ningelijua hilo, ningeuliza pale pale.

Ukimya nao huwaponza watu. Asiyejua lini atajibiwa huzunguka maduka ya dawa, leo antibiotiki, kesho prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe, aliyoelekezwa na rafiki. Hii ya pili ni hatari hasa: ikiwa ni limfoma, yaani saratani ya tezi, uvimbe unaweza kunywea kwa muda, kipimo kikavurugika, na mtu akadhani amepona.

Najua wauguzi wamezidiwa, na sina ugomvi nao. Lakini kuandika kwenye kipande cha karatasi tarehe ya majibu, namba ya sampuli na simu ya kuulizia ni kazi ya dakika moja. Na tarehe ikifika majibu hayajatoka, mgonjwa apigiwe aambiwe hayajatoka. Niliambiwa nimtangulize Mungu, na nilimtanguliza kila alfajiri. Tarehe bado niliihitaji.

Simu ilipokuja, sauti ilisema tu: "Mama, njoo kesho, uje na ndugu yako." Kwetu maneno hayo yana maana moja. Usiku ule mume wangu hakulala, mimi sikulala, na dada yangu alipanda basi la alfajiri kutoka Morogoro akilia njia nzima. Kumbe ndugu alihitajika awe msimamizi wangu, anione nikimeza dawa kila siku kwa miezi sita, kama inavyofanywa kwa wagonjwa wa TB wanaotibiwa nyumbani. Dawa ni bure, ugonjwa unapona. Aliyenipigia alikuwa na majibu mkononi, na angeweza kuniambia, "Tunataka mtu wa kukusimamia dawa."